Karen Blixen: Mwandishi aliyedhoofishwa na tiba

NYUMBA ya mawe iliyo chini ya milima ya Ngong, katika mtaa wa Karen magharibi mwa Nairobi, ni makumbusho tangu 1986. Wengi huizuru kwa sababu ya hadithi ya kahawa na mapenzi. Wachache hufahamu kwamba aliyeishi humo, mwandishi Karen Blixen, aliumizwa na dawa huenda kuliko alivyoumizwa na maradhi.

Alizaliwa Rungsted, Denmark, Aprili 17, 1885. Januari 14, 1914 aliolewa na Bror Blixen mjini Mombasa, kisha wakaenda bara kulima kahawa. Haukupita muda mrefu kabla ya daktari mjini Nairobi kumweleza kwamba alikuwa na kaswende.

Penisilini ilikuwa bado kugunduliwa, hivyo akapewa vidonge vya zebaki. Madini hayo hayabagui: huku yakishambulia vijidudu, huharibu figo, matumbo na mishipa ya fahamu, na hulegeza meno. Mwaka 1915 alirejea Denmark, ambako madaktari wa Copenhagen walimtibu kwa Salvarsan, dawa yenye aseniki iliyoanza kuuzwa 1910.

Aliporudi shambani, aliendelea kutumia matone ya aseniki, ambayo enzi hizo yalisifiwa kuwa huongeza nguvu. Katika kumbukumbu alizochapisha 1960, alisimulia alivyowahi kuyanywa kupita kipimo. Alikumbuka riwaya ya Alexandre Dumas inayotaja maziwa na ute wa mayai kuwa kinga ya sumu hiyo, akavinywa, akanusurika.

Hata hivyo, protini ya vyakula hivyo huweza kunasa tu sehemu ya sumu iliyomo tumboni. Iliyokwisha kuingia mwilini haiguswi. Dimakaproli, dawa inayoshika aseniki na zebaki ili zitoke kwa mkojo, ilibuniwa Oxford wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Blixen alikuwa ameondoka Kenya mwaka 1931, shamba likiwa limefilisika.

Maumivu ya tumbo na mgongo hayakumwacha. Baadhi ya madaktari waliyahusisha na kaswende ya uti wa mgongo. Wachambuzi wa baadaye wameinyoshea kidole sumu ya zebaki na aseniki. Mwaka 1955 alifanyiwa upasuaji na sehemu ya tumbo lake ikaondolewa. Kutoka hapo alikula kidogo mno.

Wanaoandika maisha yake wanaeleza kwamba uzeeni alitegemea amfetamini ili aweze kusafiri na kuzungumza hadharani. Dawa hiyo huongeza dopamini ubongoni, ikafukuza usingizi pamoja na njaa. Nguvu zake zikiisha, mtumiaji huvamiwa na uchovu na huzuni, akashawishika kumeza tena. Akizidisha, moyo hukimbia na mwili huchemka. Hakuna dawa mahususi ya kuitangua, ila daktari humtuliza mgonjwa na kumpoza mwili. Kwa mtu aliyekwisha kukonda, kichocheo kinachoua hamu ya chakula kilikuwa mkopo wenye riba kubwa.

Blixen alifariki Rungsted Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 77, mwili wake ukiwa umedhoofika kwa utapiamlo.

Zebaki aliandikiwa na daktari. Matone ya aseniki aliyazoea mwenyewe nyumbani. Anayenunua vidonge dukani leo bila kupimwa, au kuongeza dozi kwa sababu ya jana haikutosha, anafuata njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye ana hospitali karibu, na anaweza kuuliza kabla ya kumeza.