Gavana Aliyeshindwa Kuisoma Katwe

Mtaa wa Katwe, chini ya kilima cha Mengo, ulikuwa mahali pa vijiduka, mafundi wa kila namna na mitambo ya kupigia chapa magazeti ya Kiganda. Mkoloni aliyetaka kujua mioyo ya Waganda angalianzia hapo. Sir Andrew Cohen hakuanzia hapo.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1909, akasoma Cambridge, na mwaka 1933 akaingia Wizara ya Makoloni. Mwaka 1947, akiwa mkuu wa idara ya Afrika, yeye na wenzake walikadiria kuwa hata Gold Coast isingejitawala kabla ya kupita karibu kizazi kizima. Nchi hiyo ikajitawala mwaka 1957, ikaitwa Ghana. Tusimcheke upesi, wakubwa wengi wa siku zile hawakuona hata hapo.

Mwaka 1952 akawa Gavana wa Uganda. Mwaka uliofuata, waziri wa makoloni alipogusia shirikisho la Afrika Mashariki, Kabaka Mutesa II alikataa, akadai Buganda itengwe na sehemu nyingine za Uganda. Tarehe 30 Novemba 1953 Cohen akamsafirisha kwa ndege hadi Uingereza, akitazamia kwamba Waganda wangenung'unika, kisha wamchague Kabaka mwingine.

Tazamio hilo lilikuwa na msingi. Mwaka 1949 umati ulikwenda Mengo kudai mawaziri wa Kabaka waondolewe, ghasia zikazuka, na Mutesa mwenyewe hakuwa akipendwa sana. Lakini sisi tuliofunzwa kupima habari za adui twalitambua kosa lake: Gavana alihesabu kila kitu isipokuwa kitendo chake mwenyewe. Kijana wa Katwe aliyewalaumu wakuu wa Mengo alikuwa akigombana na watu wa nyumbani kwake; sasa mgeni amemchukua mwenye nyumba. Wanawake wakavaa nguo za magome ya miti kama wafiwa, wanaume wakafuga ndevu, na mwaka 1954 biashara ikasusiwa. Kabaka mwingine hakuchaguliwa.

Ndipo Cohen alipokubali kujifunza, jambo zito kwa Gavana. Mwaka huo huo Sir Keith Hancock, mwanahistoria wa Australia, aliletwa kuketi Namirembe na wajumbe wa Buganda. Mwezi Novemba Mahakama Kuu ikaamua kuwa kifungu cha Mkataba wa 1900 kilichotumiwa hakikustahili kutumiwa hivyo. Tarehe 17 Oktoba 1955 Mutesa akarudi, watu wakifurika barabarani kutoka Entebbe.

Cohen aliondoka Uganda mwaka 1957, akafariki Juni 1968. Mutesa alikuwa tena uhamishoni London, safari hii si kwa amri ya Mwingereza.