Pierre Méchain, Mpimaji Aliyeficha Hesabu Yake

Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mwenye mkono mrefu alipata zaidi. Leo sote twapimiwa kwa meta. Tumkumbuke mmoja wa waliotaabika kuipata.

Pierre Méchain alizaliwa Laon, Ufaransa, mwaka 1744, akawa bingwa wa elimu ya nyota. Siku zile Ufaransa ilikuwa na vipimo vingi. Ratili ya mji huu haikuwa ya mji ule, na wanyonge walipunjwa. Mwaka 1791 ikaamuliwa kwamba meta iwe sehemu moja katika milioni kumi ya umbali toka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Mwaka uliofuata wawili wakatumwa kupima mstari wa Dunkerque hadi Barcelona: Delambre upande wa kaskazini, Méchain upande wa kusini.

Huko Hispania Méchain aliumia vibaya, kisha vita ya 1793 ikamzuia kurudi. Alipokuwa akingoja, alipima tena kwa nyota mahali ulipo mji wa Barcelona. Jawabu la pili halikupatana na la kwanza. Tofauti ilikuwa kama meta 100 juu ya ardhi. Akashikwa na hofu, asimwambie hata Delambre.

Mwaka 1799 fimbo ya meta, ya madini ya platini, ilikabidhiwa rasmi Paris. Méchain akasifiwa na kupewa cheo, lakini moyo wake haukutulia. Mwaka 1803 akarudi Hispania kuendeleza upimaji, na mwaka 1804 akafa huko kwa homa.

Ndipo Delambre alipofungua karatasi zake akaiona siri. Mwaka 1828 mtaalamu Nicollet alionyesha kwamba tofauti ile ilitokana zaidi na chombo, si uzembe wa mpimaji. Kweli meta yao ilipungua kama sehemu ya tano ya milimeta, lakini hasa kwa sababu umbo la dunia si sawasawa kama walivyodhani.

Sisi walimu twamjua mtoto afunikaye daftari kwa mkono. Ukiuondoa mkono ule taratibu, mara nyingi wakuta kosa ni dogo, na pengine si lake. Méchain aliufunika ukurasa wake miaka kumi, na mwenzake aliyeweza kumsaidia alikuwa karibu.