FAZLUR KHAN, MJENZI WA MAGHOROFA

Safari hii nimepewa na wenzangu chamani ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri, na najua wengi wenu mlitarajia mwandishi wa riwaya ama mwanasiasa. La hasha! Nimewaletea mhandisi. Jina lake ni Fazlur Rahman Khan. Na kama kuna yeyote hapa anayeshikilia kwamba mtu akishapata digrii ya kwanza kuendelea kusoma ni kupoteza wakati tu (mjadala huu umetunyima usingizi bwenini muhula mzima), basi tafadhali avute kiti asogee karibu.

Khan alizaliwa mjini Dhaka tarehe 3 Aprili, 1929. Wakati huo nchi ya Bangladesh haikuwapo kwenye ramani. Dhaka ilikuwa chini ya Mwingereza kama tulivyokuwa sisi. Baba yake, Abdur Rahman Khan, alikuwa mwalimu wa hesabu. Sasa mtoto wa mwalimu wa hesabu mnayajua maisha yake, sina haja ya kueleza. Kijana alipomaliza shule alijiunga na chuo cha uhandisi kule Shibpur, karibu na Calcutta, lakini fujo zilizokuja baada ya India kugawanywa mwaka wa 1947 zilimfanya arudi kwao kabla ya kumaliza. Akamalizia masomo yake Dhaka katika Chuo cha Uhandisi cha Ahsanullah, akawa wa kwanza katika darasa lake.

Hapo angeweza kutulia. Digrii anayo, tena nzuri, na nchi yake changa ilikuwa na njaa ya wahandisi. Hata hivyo mwaka wa 1952 alipata ufadhili wa Fulbright akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana. Alikaa huko miaka mitatu tu. Katika miaka hiyo mitatu alipata shahada mbili za uzamili, moja ya uhandisi wa miundo ya majengo na nyingine ya mekanika, na juu yake akaongeza ya uzamifu mwaka wa 1955. Shahada tatu kwa miaka mitatu! Mimi somo moja la fizikia linanitoa jasho.

Sasa alikuwa akisoma nini hasa? Utafiti wake wa uzamifu ulihusu boriti za zege lililokazwa kwa nyaya za chuma. Hebu jaribuni hili darasani. Pangeni vitabu kumi vikiwa vimesimama mezani, kisha mvibane kwa viganja vya mikono kutoka huku na huku, mviinue. Vitainuka vyote kama ubao mmoja, na hata ukiweka kalamu juu yake haitaanguka. Ukilegeza mikono, vyote chini. Zege nalo lina nguvu ya ajabu likibanwa na ni dhaifu likivutwa, ndiyo maana mhandisi hulibana kwa nyaya hata kabla halijabebeshwa mzigo. Katika digrii ya kwanza mwanafunzi hupewa kanuni aitumie. Khan alitaka kujua kanuni ile ilitoka wapi, na ni mahali gani itamwangusha mtu. Kwa maoni yangu tofauti yote iko hapo.

Alipohitimu aliajiriwa Chicago na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill. Baada ya muda mfupi alirudi nyumbani, ambako siku hizo kuliitwa Pakistani, akapewa kazi ya serikali mjini Karachi. Lakini ilikuwa kazi ya meza na mafaili, si ya kubuni majengo. Mtu na shahada zake zote anapitisha makaratasi! Mwaka wa 1960 akarejea Chicago kwenye kampuni ile ile, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Shida iliyokuwapo ni hii. Watu wengi hudhani adui wa ghorofa refu ni uzito wake. Kumbe adui mkubwa ni upepo. Jengo likirefuka, upepo hulisukuma kama mkulima anavyosukuma mhindi ili kuung'oa, na kadiri linavyokwenda juu ndivyo linavyodai chuma zaidi ili lisiyumbe. Empire State ya New York, iliyokamilika mwaka wa 1931, ilikuwa na ghorofa 102 na urefu wa mita 381, na kwa karibu miaka 40 hakuna aliyeipita. Si kwamba watu walishindwa kuota. Gharama ndiyo iliyowatisha.

Khan alilitazama jambo hili upya. Kwa nini nguzo zitawanywe ndani ya jengo lote? Alizitoa akazipanga kwenye kuta za nje, moja karibu na mwenzake, zikafungwa pamoja na boriti hadi jengo zima likawa mfano wa bomba. Fikirieni mwanzi: ndani mtupu, lakini upepo ukivuma hupinda ukarudi wala hauvunjiki. Jengo la kwanza la namna hiyo lilikuwa la makazi, ghorofa 43, pale Chicago katikati ya miaka ya sitini.

Kisha likaja John Hancock Center, lenye ghorofa 100 na urefu wa mita 344, lililokamilika mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini. Hili alilibuni pamoja na msanifu Bruce Graham. Ukiliona pichani utadhani limefungwa kamba, kwa maana vyuma vikubwa vya mshazari vinapishana nje kuanzia chini hadi juu. Dawati lako likitikisika fundi hufanyaje? Hupigilia ubao mmoja wa mshazari, likatulia. Ni yale yale. Hancock ilitumia kama kilo 145 za chuma kwa kila mita mraba ya sakafu, ilhali Empire State ilikula kama kilo 206. Na wazo lenyewe halikuanzia ofisini. Khan alikuwa pia akifundisha katika taasisi ya teknolojia ya Illinois, IIT, na mwaka wa 1964 mwanafunzi mmoja wa uzamili, Mikio Sasaki, alikuwa ameandika tasnifu kuhusu ghorofa refu lililokazwa kwa mishazari, chini ya uongozi wa Khan na mwenzake Myron Goldsmith. Haya, nani alisema tasnifu huandikwa ili ziliwe na mchwa?

Kulikuwa na swali jingine ambalo hesabu peke yake haingelijibu: jengo likiyumba kidogo, aliye ndani atahisi kizunguzungu? Khan alikwenda kwenye makumbusho ya sayansi ya Chicago, palipokuwa na sakafu ya maonyesho inayozunguka, akawapandisha watu ili ajue mwendo wa kiasi gani unamsumbua binadamu. Jambo hili lilinichekesha, lakini si la mzaha.

Wala kazi haikwenda kwa ulaini. Mwaka wa 1966, Hancock ikiwa bado inapanda, mojawapo ya nguzo za msingi ilididimia. Ilipochunguzwa, zege lilikuwa na pengo ndani. Ujenzi ukasimamishwa kwa miezi kadhaa na nguzo za msingi zikapimwa. Hebu wazieni hasara ya kila siku ya kusimama! Sisi tunaokumbuka lile jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili, 2016 na kuua watu wapatao 50, tunajua hasara ya kutosimama.

Mwaka wa 1973, mwaka ule ule KICC yetu ya ghorofa 28 ilipokamilika, jengo la Sears Tower lilifika kileleni mwake: ghorofa 110, mita 442. Safari hii Khan alifunga mabomba tisa pamoja. Husemekana kwamba Graham ndiye aliyeshika sigara kadhaa mkononi, akazisukuma nyingine juu na nyingine chini, kisha akamuuliza Khan kama jengo la hivyo lingesimama. Lilisimama. Mabomba mawili yanakomea ghorofa ya 50, mawili ya 66, matatu ya 90, na mawili yanaendelea hadi juu. Lilikuwa refu kuliko yote duniani kwa karibu miaka 25, na tangu mwaka wa 2009 linaitwa Willis Tower.

Msidhani alikuwa mtu wa namba tu. Alizipenda sana nyimbo za Tagore. Vita vya ukombozi vilipozuka kwao mwaka wa 1971, aliwakusanya Wabengali wenzake waliokuwa Chicago, wakachanga fedha za kuwasaidia waathiriwa na kuwashawishi wakubwa wa Marekani waisikie Bangladesh.

Kazi yake ambayo huenda mzee wa mtaani kwenu amepita chini yake ni jengo la mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah, lililofunguliwa mwaka wa 1981. Hapa hakujenga ghorofa. Aliangika mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo, kila moja mraba wa mita 45, yakining'inia kwa nyaya, joto likipanda na kutokea juu. Mahujaji husubiri kivulini mithili ya walio chini ya miti. Wapo waliokwenda Makka kutoka Mombasa na Lamu wakapumzika hapo bila kujua ni mkono wa nani.

Khan alifariki katika mji huo huo wa Jeddah, kwa maradhi ya moyo, tarehe 27 Machi, 1982. Zilikuwa zimebaki siku saba atimize miaka 53. Alizikwa Chicago, katika makaburi ya Graceland. Binti yake Yasmin naye alisomea uhandisi wa miundo, na mwaka wa 2004 akatoa kitabu kuhusu kazi za babake.