Paul Panda Farnana: Mkongo aliyeulizwa ni wa wapi



Katika mikutano yetu kuko ulizo moja linalorudi kila mara, hata kama siku ile tulikutana juu ya mbegu ao juu ya mabati. Mtu aliyekaa nje miaka kumi na tano ao ishirini, akazalia watoto kambini, akirudi hapa ni mtu wa wapi? Kule tulikuwa wakimbizi Wakongo. Hapa wanatuita watu wa Tanzania ao watu wa Zambia, hata kama babu zetu wamezikwa pale nyuma ya nyumba. Wengine kati yetu wanasema wazi kwamba hawasikii tena hii nchi kuwa yao. Ni neno zito, na hatutaki kulifunika.

Safari hii tumeona vizuri kueleza maisha ya Mkongo mmoja ambaye ulizo hilo lilimfuata tangu utoto mpaka kufa: Paul Panda Farnana. Wengi wanamtaja juu ya elimu, maana ndiye Mkongo wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu kule Ubeleji. Sisi tunamtaja juu ya jambo lingine: mwaka 1919 alianzisha umoja wa kusaidiana.

Mtoto aliyepelekwa mbali

Alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba, upande wa Moanda na Banana, pale mto Kongo unapoingia katika bahari. Kwao wanamwita pia M'fumu, neno la Kikongo la kumheshimu chifu. Wakati anazaliwa, Kongo kama nchi moja yenye mipaka ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Mwaka 1885 mfalme Léopold II wa Ubeleji alikuwa amejifanya mwenye nchi hii yote, yeye peke yake.

Mwaka 1900, mtoto akiwa na miaka 12, ofisa mmoja Mbeleji, Jules Derscheid, alimpeleka Ulaya. Akamweka kwa dada yake, Louise Derscheid, na huyu mama akamlea Brussels kama mtoto wa nyumbani, akamfundisha hata muziki na kuchora. Alisoma sekondari kule Ixelles. Mwaka 1904 akaingia masomo ya kilimo ya Vilvoorde, akatoka na diploma mwaka 1907. Kisha akaenda Nogent-sur-Marne, karibu na Paris, kujifunza kilimo cha nchi za joto.

Angali anasoma, nchi yake ikageuka mkononi mwa wengine. Habari za mateso ya kaucho zilikuwa zimemharibia Léopold jina duniani, na mwezi wa kumi na moja 1908 Leta ya Ubeleji ikamnyang'anya Kongo, ikawa koloni. Toka siku ile Mkongo akawa chini ya Ubeleji bila kuwa raia wa Ubeleji. Baraza la Koloni lililokaa Brussels kuangalia sheria za Kongo halikuwa na Mkongo hata mmoja ndani. Farnana aliongea Kifaransa tangu utoto na alikula meza moja na Wabeleji, lakini katika sheria alibaki mwenyeji wa koloni.

Kazi ya kwanza, na vita

Mwaka 1909 Leta ya koloni ilimpa kazi. Cheo chake kilikuwa mkuu wa mashamba wa daraja la tatu, cheo cha wazungu wakati ule. Wakamtuma Eala, kwenye bustani kubwa ya mimea karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo. Aliondoka Kongo mtoto wa pwani, amerudi mtu mzima katikati ya pori la ikweta, fasi ambayo si kwao, kwenye lugha ambazo si za mama yake. Kwa wafanyakazi wa shamba alikuwa na kazi ya mzungu. Kwa wazungu wenzake alikuwa Mkongo. Wanachama wetu hawana haja ya kuelezewa zaidi namna mtu anavyolala usiku katika hali hiyo.

Mwaka 1914 alikuwa Ubeleji katika likizo wakati Wadachi walipoingia. Akajiandikisha kupigana. Kikosi alichoingia kiliitwa Kikosi cha Wakongo Wanaojitolea. Jina ni hilo, lakini sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wazungu waliowahi kufanya kazi Kongo. Wakongo wenyewe walihesabika kidogo sana. Hata jina la Mkongo lilikuwa limevaliwa na wengine. Mwezi wa nane mwaka ule, mji wa Namur ulipoanguka, Farnana akakamatwa. Alikaa mfungwa wa vita Udachini mpaka vita ilipokwisha, miaka minne na zaidi.

Na huku kwetu mashariki, wakati ule ule, vita hiyo haikutupita. Askari wa Force Publique walivuka wakaichukua Tabora mwezi wa tisa 1916, na nyuma yao walitembea wapagazi, zaidi ya 200,000 katika vita yote. Wengi hawakurudi. Njia zile za kwenda Tanzania, wazee wa wazee wetu walizipita na mizigo ya Leta kichwani, miaka mingi mbele yetu sisi tulizipita na watoto mgongoni.

Umoja wa 1919

Farnana alipotoka kifungoni alirudi Brussels. Alikuwa na elimu, alikuwa na watu wakubwa aliofahamiana nao, tena alikuwa amepigania Ubeleji. Angeweza kukaa kimya, akaishi maisha yake kama bwana mmoja mweusi anayeheshimiwa. Lakini aliwaona Wakongo wenzake waliobaki kule: mabaharia wa meli, askari waliomaliza vita, maboyi wa nyumba za wazungu. Walikuwa mbali na kwao, wengi hawajui kusoma, na mtu akigonjwa ao akifukuzwa kazi hana wa kumkimbilia.

Tarehe 30 mwezi wa nane 1919 wakaanzisha Union Congolaise. Katika jina lake refu waliandika kazi yake: kusaidiana, na kuinua watu wa Kongo katika tabia na katika akili. Tuseme kwa lugha ya mikutano yetu: mchango, mgonjwa, msiba, na masomo.

Tunawaomba wanachama waangalie jina lile. Hawakujiita watu wa kabila fulani. Waliohudhuria walitoka sehemu mbalimbali za nchi kubwa, na lugha zao za nyumbani hazikuwa moja. Kongo yenyewe ilikuwa mipaka iliyochorwa na wazungu kwenye karatasi, na wao hawakuulizwa. Lakini mtu wa bahari alipoanza kutoa franka zake juu ya mtu wa ndani kabisa ambaye hajawahi kuona kijiji chake, jina la Kongo likaanza kuwa na maana nyingine. Lilikuwa jina la mali ya mfalme. Pale Brussels likawa jina la watu wanaobebana.

Umoja ule haukukaa kwenye misaada tu. Farnana alidai heshima kwa askari Wakongo waliokufa katika vita, maana wenzao weupe walikuwa wanajengewa makaburi ya ukumbusho na wao wanasahauliwa. Mwezi wa kumi na mbili 1920, katika mkutano mkubwa wa mambo ya koloni uliofanyika Brussels, alisimama mbele ya wakubwa wa Leta akadai Wakongo nao wasikilizwe katika mambo yanayoamuliwa juu ya nchi yao, na wafunguliwe mlango wa elimu. Mwaka uliofuata alisaidia kutayarisha Mkutano wa Pan-Afrika ulipofika Brussels, pamoja na W. E. B. Du Bois, mwalimu mweusi wa Marekani. Mule ndani wengine walitaka maneno makali juu ya utawala wa Wabeleji. Mwenyekiti, Blaise Diagne, aliyekuwa mbunge wa Senegal katika bunge la Ufaransa, akayalainisha.

Hata hivyo magazeti ya Ubeleji yaliwaka moto. Waliandika kwamba nyuma ya watu hawa kuko pesa za Moscow. Ndiyo mwaka ule ule Simon Kimbangu alikamatwa Bas-Congo, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Wakoloni waliona moshi kila upande.

Hatutaki kumpaka Farnana rangi isiyo yake. Hakudai uhuru kama tulivyoupata mwaka 1960. Alidai Wakongo wawe na sehemu yao katika utawala, kidogo kidogo, kwa masomo. Kuko wanaosema leo kwamba alikuwa mpole kupita kiasi. Lakini hata upole ule ulitosha kumfanya adui. Kwa wakubwa wa koloni, Mkongo aliyesoma kama wao na kusema sisi Wakongo alikuwa hatari kuliko yule anayekaa kimya.

Kurudi Nzemba

Mwaka 1929, akiwa na miaka 41, alifunga mizigo akarudi Kongo. Hakutafuta ofisi Léopoldville. Alirudi Nzemba kabisa, kijiji alichotolewa akiwa mtoto. Pale akaanzisha masomo ya watoto, akajenga kanisa dogo la Mtakatifu Antonio, akaweka kiwanda kidogo cha mafuta ya mawese. Ile elimu ya kilimo ya Vilvoorde na ya Nogent, aliileta kwenye ngazi za kwao.

Mwezi wa tano 1930 alikufa kule Matadi. Alikuwa na miaka 42. Hakuoa na hakuacha mtoto. Kazi ya Nzemba alikuwa ameifanya mwaka mmoja tu.

Jambo hili linatugusa sisi

Tumesoma maisha haya pamoja katika komite, na hatukukubaliana wote. Mmoja alisema ni hadithi ya huzuni: miaka karibu thelathini ya kuulizwa wewe ni wa wapi, na mwaka mmoja tu nyumbani. Wengine tuliona tofauti. Farnana hakungoja kwanza asikie moyoni kwamba Kongo ni yake, ndipo aanze kuitumikia. Alianza kule ugenini, na watu wadogo, na mchango mdogo.

Tunasema hivi juu ya watoto wetu zaidi kuliko juu yetu wazee. Mtoto aliyezaliwa kambini anafika kalasi hapa, wanamcheka juu ya Kiswahili chake, na Kifaransa cha mwalimu hakijui. Baba hana cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mama anangoja miaka juu ya kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu katika hii nchi. Huyu mtoto tukimwambia tu apende nchi yake, atatuangalia bila kujibu, na hatakuwa na kosa. Lakini siku anapoona kasa ya umoja imelipia dawa za jirani ambaye hakukimbia, na siku jirani yule anapokuja kumsaidia baba kulima, hapo ataanza kuona hii nchi ina sehemu yake ndani.

Na tuseme upande wa pili pia, sababu urafiki haujengwi na mtu mmoja. Anayerudi anatafuta fasi, na aliyebaki anapashwa kusogea kidogo kwenye kiti. Ndugu zetu mliobaki wakati wa vita, ninyi mlilinda mashamba na makaburi, na mliteseka kwa namna ambayo sisi hatukuiona. Hatukuja kuwanyang'anya kitu. Mtu akituita wageni, tunaomba atuite kwanza kwenye kazi ya pamoja, ya barabara ao ya kisima, kisha aangalie mikono yetu.

Kwa ninyi wafadhili, maelezo ni mafupi. Mnapotusaidia kwa mabati, tunashukuru sana, mvua haingoji. Lakini masomo ya Kifaransa ya jioni kwa watoto waliorudi, na nauli ya kumfikisha mzazi kwenye ofisi ya kuandikisha watoto, navyo ni nyumba. Bila vyeti na bila lugha ya kalasi, mtoto anaweza kulala chini ya bati jipya na kubaki mkimbizi katika nchi yake.

Katika mkutano ujao tutaweka jambo hili mezani: kufungua kasa yetu ya magonjwa kwa majirani ambao hawakukimbia, kwa mchango ule ule tunaotoa sisi. Kila mwanachama aje na mawazo yake, anayekubali na anayekataa.

Komite ya umoja