Mbele ya politiki, Lumumba alikuwa karani wa posta

Patrice Lumumba, waziri mukuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Watu wengi wanamujua juu ya uhuru. Wachache wanakumbuka kwamba mbele ya politiki alikuwa mufanyakazi wa Leta, karani wa posta kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo.

Alizaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Alifika Stanleyville mwaka 1944. Leta ilimupa kazi, ikamutuma Leopoldville kusoma mambo ya posta, kisha akarudia. Alikuwa mutu wa bidii: muchana kazi, magaribi vitabu na kuandikia magazeti. Aliongoza pia kule Stanleyville chama cha APIC, kilichotetea wafanyakazi weusi wa serikali.

Kilio chao kilikuwa mushahara na cheo. Mweusi, hata akijua kazi namna gani, alibakia chini. Kazi za wakubwa zilikuwa za wazungu. Haikuwa shauri ya bosi wa posta, ilikuwa politiki ya koloni. Tena Wabelgiji waliwaomba Wakongo waliosoma waishi kizungu, na maisha ile inaomba makuta mingi. Lumumba aliomba kuandikishwa kati ya wale “waliostaarabika”. Wakamukatalia kwanza, halafu wakamukubalia mwaka 1954. Lakini mushahara wa muzungu hakuupata.

Mwaka 1956 alikamatwa juu ya franka karibu 126,000 za posta. Alikubali kwamba alizichukua. Marafiki walichanga kuzirudisha, lakini alifungwa. Alipotoka mwaka 1957 hakurudia tena posta. Alienda Leopoldville kuuzisha bia, na mwaka 1958 yeye na wenzake wakaanzisha MNC. Bidii ambayo Leta ilishindwa kulipa ikaingia politiki.

Kisha kilio kile kile kikamukuta yeye akiwa mukubwa. Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Jeshi lilikuwa na askari karibu 25,000, lakini afisa mweusi hata mumoja. Generali Mubelgiji aliwaonyesha kwamba uhuru hautabadilisha kitu kwao. Tarehe 5 Julai wakaanza kukataa amri. Lumumba alimufukuza generali, akapandisha kila askari cheo kimoja, akaweka maofisa Wakongo.

Fujo haikuisha. Askari walikuwa wamengojea miaka mingi, na serikali yake ilikuwa na siku chache tu.