Al-Biruni: Mwanachuoni Aliyepima Dhahabu kwa Maji

Katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mwanachuoni ambaye hutajwa sana katika hesabu na elimu ya nyota, lakini kazi yake juu ya madini haijulikani na wengi wetu. Naye ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni.

Kuzaliwa na safari zake

Alizaliwa mwaka 362 Hijria (973 Miladia) karibu na mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo sehemu yake leo imo Uzbekistan. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasr Mansur, bingwa wa hesabu. Mwaka 995 vita viliiangusha dola ya kwao, naye akakimbia akiwa kijana wa miaka 22. Alipata hifadhi Jurjan, karibu na Bahari ya Kaspi, na huko, kiasi cha mwaka 1000, akaandika kitabu chake mashuhuri juu ya kalenda za mataifa.

Baadaye alirudi kwao, lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Hakukaa akilalamika. Alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya India. Humo ameitaja hata pwani ya Afrika Mashariki, pale aliposema kuwa bandari ya Somnath ilikuwa kituo cha mabaharia waliosafiri baina ya Sofala, nchi ya Zanj, na China.

Upimaji wa madini

Zama hizo, kama leo, mdanganyifu aliweza kuchanganya dhahabu na shaba akaiuza kwa bei ya dhahabu safi. Vipi mnunuzi ataijua haki yake bila kukiharibu kito? Tangu zama za Wagiriki ilijulikana kuwa maji yanaweza kutoa jibu. Al-Biruni alitaka hesabu kamili, si kukisia.

Alitengeneza chombo chenye umbo la pia, kipana chini na chembamba juu, chenye mrija uliopinda kuelekea chini. Alikijaza maji, kisha akatumbukiza madini aliyokwisha kuyapima. Maji yaliyomwagika kupitia mrija yalikingwa na kupimwa kwenye mizani. Madini mazito kama dhahabu humwaga maji kidogo, na mepesi kama bati humwaga mengi, ijapokuwa uzito wao ni sawa. Alipoona maji yananasa ndani ya mrija na kuharibu hesabu, aliurekebisha na kurudia kazi.

Kwa njia hiyo alipima dhahabu, zebaki, risasi, fedha, shaba, chuma na bati, pamoja na vito kama yakuti na zumaridi. Leo tunajua kuwa dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19.3, shaba karibu mara 9, na chuma karibu mara 7.9. Vipimo vyake vya madini hayo vinakaribiana mno na hivi, naye hakuwa na umeme wala mashine. Mwaka 1121 mwanachuoni al-Khazini aliyahifadhi matokeo hayo katika kitabu chake cha mizani.

Uzeeni aliandika kitabu kingine juu ya vito na madini, ambamo ameeleza pia aina za chuma na utengenezaji wa chuma cha pua. Watu walikuwa wakiamini kuwa nyoka akiiona zumaridi macho yake hupasuka. Al-Biruni alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi, akaendelea kumjaribu kwa muda wa miezi 9, wakati wa joto na wa baridi. Macho ya nyoka yalibaki salama, naye akaandika aliyoyaona.

Kufariki kwake

Alifariki Ghazna karibu mwaka 1050, akiwa ameacha vitabu zaidi ya 100. Inasimuliwa kuwa alipokuwa mahututi alitembelewa na rafiki yake mwanasheria, akamwuliza mas-ala ya mirathi. Rafiki alimwonea huruma, lakini al-Biruni aliona ni bora auage ulimwengu akiwa ameijua kuliko kuondoka hali ya kuwa hajui. Akafafanuliwa, naye akairudia mpaka akaihifadhi. Rafiki alipotoka, akiwa bado njiani, alisikia vilio vya msiba.

Mafunzo kwetu

1. Dhiki isitufanye tuache kusoma. Yeye alisoma akiwa mkimbizi, na akasoma akiwa mateka.

2. Habari ihakikishwe kabla ya kuenezwa, hata kama imesemwa na wengi.

3. Mizani ni amana. Elimu ya sayansi inaweza kulinda haki ya muuzaji na ya mnunuzi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.