Daktari aliyesahau kuuliza

Ukisimama karibu na Jiwe la Bismarck pale Mwanza na kuutazama mji, utakiona kilima cha Bugando. Kule juu kuna hospitali ya rufaa, na pamoja nayo chuo kikuu kinachoandaa madaktari na watafiti wa afya. Vijana wetu wanaosoma huko, na wenzao wanaosomea bioteknolojia katika vyuo vingine, hufundishwa pia maadili ya kazi yao. Wapo wanaoliona somo hilo kuwa la kujaza ratiba tu. Leo nakusimulia maisha ya mtu aliyepita kwenye mwambao huu huu wa ziwa, nawe utapima mwenyewe kama ni somo la kupuuzwa.

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari, akapangiwa kazi katika mji mdogo wa mashambani. Mchana alitibu wagonjwa. Muda uliobaki aliinamia hadubini yake nyumbani. Mwaka 1876 alionyesha kijidudu kinacholeta kimeta. Machi 24, 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana hadi leo dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu tarehe hiyo. Baadaye alikifuatilia kipindupindu hadi Misri na India. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Mamilioni ya watu, na huenda wewe au mimi tumo, wako hai kwa sababu ya kazi iliyoanzia kwake.

Lakini mtu huyu mkubwa alikuwa na haraka. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, akaficha imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa. Usidhani alikuwa mkatili: kabla ya hapo alijidunga mwenyewe, akaugua vibaya. Aliamini mno kile alichokuwa nacho mkononi.

Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 62, alifika Mwanza. Wakati huo malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, na Wajerumani walihofia utavuka kuingia koloni lao. Mwanza hakukuta wagonjwa wengi, hivyo akavuka ziwa kwenda visiwa vya Sese, Uganda, ambako vijiji vizima vilikuwa vinatoweka. Hapo aliweka kambi na kuanza kuwadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake. Zaidi ya watu 1,000 walipita mikononi mwake.

Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Waliokuwa wamelala waliamka, wakatembea. Kisha vimelea vikarudi katika damu yao. Koch akaongeza dozi. Sindano ziliuma, watu walitapika na kupata kizunguzungu, na wengi wakatoroka kambini. Na 22 kati yao wakapofuka, wasione tena. Ndipo akarudi kwenye dozi ndogo. Mwaka 1907 alirejea Ujerumani, akapokewa kwa heshima. Alifariki Mei 27, 1910, mjini Baden-Baden. Jina lake liko vitabuni. Majina ya wale 22 hatufundishwi popote.

Unaweza kuniambia: mwandishi, hayo ni ya zamani, watu hawakujua. Hapana. Mwaka 1900 serikali ya Prussia, kwao Koch, ilikuwa imekwisha kuziagiza hospitali zake kwamba jaribio lisilo la tiba lisifanywe kwa mtu bila kumweleza madhara yake na kupata ridhaa yake. Ni kweli agizo hilo halikugusa tiba, wala halikuvuka bahari. Na ni kweli wengi wa wale wa Sese walikuja kambini kwa miguu yao, wakiwa na matumaini. Lakini kuja kutafuta tiba si kukubali kujaribiwa dozi. Huruma ilikuwapo. Swali ndilo lililokosekana.

Sasa mkumbuke Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko katika Injili ya Marko, sura ya 10. Umati wote ulijua anachohitaji. Kipofu atataka nini kama si kuona? Hata hivyo Bwana wetu, mwenye uwezo wote, alisimama, akamwita, akamwuliza kwanza anataka atendewe nini. Alisubiri jibu, kisha akamponya. Aliyekuwa na haki ya kutouliza ndiye aliyeuliza. Daktari asiye na uhakika wa dawa yake hakuuliza, na watu waliokuja wakiona wakaondoka vipofu.

Jambo hili halikuzikwa na Koch. Leo huko Bagamoyo wanasayansi wanafanya utafiti, ndani ya maabara zilizofungwa, wa kubadili vinasaba vya mbu ili asieneze malaria. Nani miongoni mwetu hakuwahi kuzika mtoto wa jirani kwa malaria? Ni kazi ya kuombea. Lakini mgonjwa mmoja anaweza kukataa sindano. Mbu akishaachiwa ataruka juu ya kila paa, la aliyekubali na la aliyekataa. Kijiji kizima kinaulizwaje? Mama mchuuza dagaa anaelezwaje vinasaba kwa lugha yake mpaka aweze kusema ndiyo, au hapana? Hilo ndilo swali la somo ambalo kijana wako analiona la kujaza ratiba.

Basi, mzazi mwenye mwana chuoni, mwulize wiki hii amejifunza nini katika maadili, si katika maabara tu. Nawe siku ukiletewa fomu ya ridhaa, usitie saini kwa aibu ya kuonekana hujasoma. Uliza. Na wewe kijana utakayevaa koti jeupe, unapomhurumia mtu, simama kwanza kama Bwana alivyosimama njiani Yeriko, umsikilize.